Kopo Moja kwa Kila Mche

Ukisimama ukingoni pale Shimo la Mungu, Newala, unaliona bonde la Ruvuma lote chini yako na Msumbiji ng'ambo. Maji yako kule, watu wako huku juu. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika simulizi aliyoikuta kwa Wamakonde: wazazi wa kwanza walizaa karibu na maji, mtoto akafa, wakahama, akafa na wa pili, wa tatu akazaliwa juu uwandani, akaishi. Wazao wakausiwa wasikae mabondeni. Uwanda wenyewe ni mchanga, mvua ikinyesha inanywewa papo hapo. Tangu miaka ya 1950 kuna mradi wa kusukuma maji kutoka chini, chanzo chake kikubwa kikiwa Mitema, lakini hadi leo ndoo ya maji ina bei, na kiangazi bei hiyo inapanda.

Ndiyo maana nawaheshimu sana kinamama wanaolima bustani ya pamoja ya mboga huku Chilangala. Mhogo, mbaazi na njugu mawe hujitegemea. Mchicha haujitegemei hata siku moja.

Kazi inaanzia kwenye tuta. Aliyezoea milima ya Lushoto atainua tuta ili maji yapungue. Hapa tuta la kiangazi linazamishwa. Udongo wa juu unatolewa kando, chini inatandikwa samadi ya mbuzi iliyooza vizuri pamoja na majani makavu, kisha udongo unarudishwa bila kufika ukingoni. Kingo zinabaki juu kidogo, maji yasikimbie na upepo usikaushe. Ng'ombe ni wachache huku kusini, kwa hiyo samadi ya mbuzi inakusanywa banda kwa banda, na ikiwa bado mbichi inarudishwa kwenye rundo, kwa sababu itaunguza miche.

Kisha mbegu, zinazoanzia kitaluni. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno, ukiimwaga peke yake inaota rundo. Fundi anachukua kiganja kimoja cha mbegu, anachanganya na vitatu au vinne vya mchanga mkavu, anainama na kuachia mchanganyiko kati ya kidole gumba na vidole viwili huku akitembea. Mkono hausimami. Ukisimama, hata kwa pumzi moja, wiki ijayo utaona pale pale miche imesongamana.

Kitalu kinafunikwa nyasi, na chipukizi zikionekana nyasi zinapandishwa juu ya kichanja ili kivuli kibaki na hewa ipite. Siku chache kabla ya kuhamisha, kivuli kinapunguzwa na maji pia, miche ikomae. Kuhamisha kunafanywa jioni, jua likishalegea.

Kumwagilia ndiko kunakonivutia kuliko yote. Kopo la maziwa ya unga limetobolewa chini kwa msumari, matundu madogo. Mama analishusha hadi karibu na shina, anasogeza matandazo kwa mkono wa kushoto, maji yanadondoka, anarudisha matandazo, anahamia mche unaofuata. Jani halilowi. Matandazo ni nyasi kavu na maganda ya karanga. Maganda ya korosho yanaachwa, maana mafuta yake yanaunguza. Mgeni akija, kwa kawaida anaambiwa, "Mwanangu, shika kopo kwanza," na jembe linakuja baadaye. Naona ni sahihi kabisa: anayejua kunywesha mche mmoja atajua kwa nini tuta limezamishwa.

Kuna jambo la mikorosho. Kuanzia Juni hivi, wakulima wanapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, na upepo wa kusi unabeba unga wa njano mbali. Bustani iliyo kusini mwa mikorosho ina nafuu; iliyo kaskazini inapokea vumbi lote. Wenye kuchagua eneo huangalia hilo kabla hata ya kuangalia udongo.

Zamu ni ufundi wa aina yake. Aliye na zamu ya jioni anakuta kazi ya aliyetangulia asubuhi, na asipoelewa alama zake atanywesha tuta lililokwisha kunywa na kuliacha lenye kiu. Kwa hiyo wanaacha kijiti kimelazwa kwenye tuta lililomalizwa. Hakuna daftari linalofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kuchuma pia kuna adabu. Matembele yanakatwa ncha, vifundo viwili au vitatu vinaachwa vichipue. Mchicha nao unakatwa juu, shina libaki na majani ya chini. Miche michache iliyonawiri kupita mingine inafungwa kitambaa, wala haiguswi, hata wiki ambayo mboga imeadimika na kila mtu anasaka kitoweo. Ikishakauka masuke yanapukuswa juu ya kanga, yanapepetwa, mbegu zinaanikwa tena kivulini, zinachanganywa na majivu na kutiwa kwenye chupa yenye kifuniko. Wakati wa kupanda tena, kila mwanachama anapimiwa kiganja chake, na aliyejiunga msimu huo naye anapimiwa sawa na wengine.