Ridhaa ya Facebook Isingepita Kilifi

Makala ya watafiti Kramer, Guillory na Hancock kuhusu hisia za watumiaji wa Facebook, iliyotoka katika jarida la PNAS Juni 2014 ni fupi, na ubovu wake wote umo katika sentensi moja. Walidai kwamba jaribio lao lilifuata Sera ya Matumizi ya Data ya Facebook, ambayo kila mtu huikubali anapofungua akaunti, na kwamba kukubali huko ndiko ridhaa. Hapo ndipo walipoharibu.

Mengine waliyafanya vizuri: watu 689,003 waligawanywa kwa bahati nasibu, maneno yakahesabiwa na programu bila binadamu kusoma posti, na athari ilipokuwa ndogo mno walisema ni ndogo.

Lakini hiyo ridhaa! Kwa wiki moja ya Januari 2012, kundi moja lilipunguziwa posti za furaha na jingine za huzuni, ili ionekane kama nao wataandika kwa furaha au kwa huzuni. Hapo wanachezea moyo wa mtu, si rangi ya kitufe. Najua utetezi wao: ukimwambia mtu mapema, matokeo yameharibika. Sawa. Kanuni ya utafiti ni kongwe: usiyemwambia kabla, mwambie baadaye, na umpe nafasi ya kusema taarifa zake ziondolewe. Facebook ilikuwa na watu wote hao mkononi. Ujumbe mmoja ungetosha, na haukutumwa. Isitoshe, sera waliyoiegemea haikuwa na neno utafiti Januari ile. Liliongezwa Mei, miezi minne baadaye. Ni sawa na kumletea mgonjwa fomu ya kusaini keshatoka chumba cha upasuaji. Chuo Kikuu cha Cornell, kilichoshirikiana katika utafiti huo, nacho kikanawa mikono, eti data ilikusanywa na Facebook, kwa hiyo kamati yake ya maadili haikuwa na la kupitia. Jarida likaishia kuchapisha tamko la wasiwasi.

Wa Malindi msijitoe. Sharti la kuingizwa lilikuwa la lugha: uwe unatumia Facebook kwa Kiingereza. Kijana wa Watamu aliyeiacha simu yake kwa Kiingereza wiki ile angeweza kuchaguliwa. Mwenzake aliyehamia Facebook ya Kiswahili, iliyokuwapo tangu 2009, alisalimika bila kujua.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua ninakoelekea. Watafiti wa tiba wa KEMRI na Wellcome wako Kilifi tangu 1989, na katika kazi ya kuomba ridhaa sijaona wa kuwashinda. Mzazi husomewa maelezo kwa Kiswahili au Kigiriama, huuliza, huenda nyumbani akashauriane na wenzake, na asiyejua kuandika hutia dole gumba mbele ya shahidi. Akibadili nia kesho, anajitoa na mtoto wake anaendelea kutibiwa. Hawakufika hapo kwa wema peke yake. Minong'ono ya mumiani, kwamba damu ya watoto inauzwa, iliwalazimisha kwenda kukaa na watu vijijini, hadi wakawa na wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wanavijiji wenyewe. Tena watafiti wa hapo hapo, akina Sassy Molyneux, ndio waliochapisha kwamba wazazi wengi bado walichanganya utafiti na matibabu. Nionyesheni kampuni ya mtandao iliyowahi kujichunguza hivyo hadharani.

Kitufe cha "Nakubali" nimekipigia kelele tangu enzi za mikopo ya simu, programu zilipochota majina yote ya simuni na kumpigia shangazi yako kwa deni lako. Nikaambiwa mimi mzee, naogopa teknolojia. Kisha mwaka 2023 watu wa mradi wa Worldcoin wakaja kupiga picha mboni za macho kwa tokeni za takriban shilingi 7,000, na foleni ya KICC, Nairobi, mliiona. Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili akaamuru data hiyo ifutwe ndani ya siku 7: tathmini ya athari haikufanywa, na ridhaa iliyopatikana kwa kushawishi watu kwa malipo si ridhaa.

Sheria tunayo. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamtaka anayetumia data athibitishe yeye kwamba ridhaa ilitolewa, na kinamruhusu mwenye data kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote. Kwa kipimo hicho ile sentensi ya PNAS isingesimama hata dakika moja.

Ofisi ya Kamishna wa Data isingoje kashfa nyingine. Iyatake majukwaa haya yamwarifu kila mtumiaji aliye Kenya ambaye hisia zake zimefanyiwa jaribio, mara tu jaribio linapokwisha, kwa lugha aliyoichagua kwenye simu yake, na pawe na mahali pa kubonyeza "Nakataa".