Ukosefu wa Usawa Haupigwi Picha, Hupangwa: Somo la Hackney Flashers

Piga picha ya mwanamke aliyeinamia cherehani kiwandani. Mwanga wa dirisha unamwangukia mikononi, kitambaa kinateleza chini ya sindano. Atakayeitazama atasema: mchapakazi huyu. Hataona kwamba mwanamume wa meza ya pili analipwa zaidi, wala hatajua nani amebaki na mtoto wake tangu saa moja asubuhi. Kamera hunasa kilicho mbele yake. Ukosefu wa usawa ni jambo la kulinganisha pande mbili, na mara nyingi upande mmoja uko nje ya fremu. Ndiyo maana vijarida vingi vya picha kuhusu wanawake wa nchi za mbali huishia kuwa albamu tu: nyuso zenye heshima, viganja vyenye sugu, na msomaji anavifunga akiwa amewahurumia watu asiojua wamedhulumiwaje.

Nani aliwahi kulitatua tatizo hili kwenye karatasi? Jibu langu ni Hackney Flashers, kikundi cha wanawake kilichoanza mwaka 1974 mashariki mwa London. Walikuwamo wapiga picha kama Jo Spence, Sally Greenhill na Maggie Murray, mchora katuni Christine Roche, na wengine walioshika kalamu au usanifu. Kazi ilitoka kwa jina la kikundi, si la mtu mmoja mmoja. Hawakutengeneza kijarida, walitengeneza mabango ya kubebeka. Lakini ukitaka kupanga kijarida cha picha leo, hatua waliyopiga kati ya maonyesho yao ya kwanza na ya pili itakufaa kuliko vitabu vingi vya usanifu.

Ya kwanza, Women and Work, yalifanyika mwaka 1975 katika ukumbi wa mji wa Hackney, vyama vya wafanyakazi vya eneo hilo vilipoadhimisha miaka 75 ya baraza lao. Mwaka wenyewe ulikuwa na uzito. Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria ya malipo sawa mwaka 1970, ila waajiri wakapewa hadi mwisho wa Desemba 1975 kujiandaa. Miaka mitano ya kujiandaa! Kikundi kikaenda kuwapiga picha wanawake kazini, picha za rangi nyeusi na nyeupe, za moja kwa moja. Kazi ilikuwa safi, na ilionyesha watu ambao kumbukumbu za vyama hivyo zilikuwa zimewapita kando.

Hata hivyo wenyewe hawakuridhika. Picha zilithibitisha kwamba wanawake wanafanya kazi, jambo ambalo kila mwanamke wa Hackney alilijua. Hazikueleza kwa nini kazi ile ile ina bei mbili, wala kwa nini anayetoka kiwandani jioni anaanza zamu nyingine jikoni. Mwandishi wa tamthilia wa Ujerumani, Bertolt Brecht, alikuwa amekwisha kulisema hili kabla ya Vita Kuu ya Pili: picha ya kiwanda haisemi lolote kuhusu mahusiano yaliyomo ndani ya kiwanda hicho.

Basi maonyesho ya pili, Who's Holding the Baby?, ya mwaka 1978, yakajengwa kwa namna nyingine kabisa. Mada ikafinywa: nani analea watoto, na kwa gharama ya nani. Picha za kawaida zikabaki, lakini kando yake zikabandikwa vipande vya matangazo ya biashara, katuni za Roche, maneno makubwa na maelezo. Mama wa kwenye tangazo anatabasamu katika jiko linalong'aa, na jirani yake kuna mama halisi aliyefungiwa na watoto kwenye fleti. Ukiziona moja moja, hakuna jipya. Ukiziona pamoja huna budi kuuliza nani ananufaika na lile tabasamu. Mbinu hiyo ya kukata na kubandika ina ukoo mrefu, wa akina John Heartfield wa Ujerumani waliompiga Hitler kwa mkasi na gundi. Akina mama wa Hackney waliichukua silaha ya siasa za juu wakaielekeza kwenye malezi ya watoto, na kwangu mimi huo ndio ujasiri wao mkubwa.

Hapa sasa msanifu wa kijarida akae vizuri. Bango huonekana lote kwa mara moja, kijarida hufunuliwa. Una vyombo viwili vya kulinganishia ambavyo ukuta hauna. Kimoja ni kurasa mbili zinazotazamana, kingine ni ukurasa unaofichwa nyuma ya mwingine. Kanuni yangu ni hii: tofauti zinazotokea kwa wakati mmoja, kama mishahara ya watu wawili wa kiwanda kimoja, zitazamane. Tofauti zinazoletwa na wakati zisubiri kufunuliwa. Chukua vituo vya kulea watoto vya Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilivifungua kwa wingi ili akina mama waingie viwandani, na vita vilipokwisha vingi vikafungwa. Ukurasa wa kulia: picha ya watoto wa mwaka 1943 wamelala mchana kwenye vitanda vidogo. Msomaji anafunua. Kushoto, mlango uliofungwa na mwaka peke yake. Kulia, hakuna kitu.

Ukurasa mtupu nao ni chombo, usiuogope. Tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake wa Iceland, takriban tisa katika kila kumi, waliacha kazi za ofisini na za nyumbani kwa siku moja. Picha zilizosambaa ni za umati barabarani Reykjavík. Kiini cha tukio hakikuwa kwenye umati. Kilikuwa kwenye viti vitupu, vyombo visivyooshwa, baba akiwa na mtoto kazini. Ningepewa kupanga kurasa hizo, umati ningeupa nafasi ndogo.

Mambo ya karakana nitayapitia haraka. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara moja hutoa kurasa nne za A5, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Kijarida cha kurasa 24 ni karatasi sita na pini mbili. Ndani yake ni kurasa za 12 na 13 pekee zinazotazamana zikiwa kwenye upande mmoja wa karatasi moja. Kwingineko kurasa zinazotazamana hutoka kwenye karatasi tofauti, na uso uliopita katikati ya mkunjo unaweza kuchapwa pua huku na jicho kule. Picha yako pana kuliko zote iweke katikati, na usiiandikie chochote juu yake.

Jambo moja lakini lisipitwe. Mashine ya fotokopi, na karatasi ya bei nafuu inayonywa wino, huongeza giza. Uso wa mwanamke mweusi unaopendeza kwenye kioo cha kompyuta huweza kutoka kama doa lenye meno. Kabla ya kuchapa, inua mwanga wa sehemu za kati na za kivuli mpaka picha ionekane imepauka kidogo kwenye kioo, kisha toa nakala ya majaribio kwenye karatasi ile ile utakayotumia. Angalia chini ya macho na pembeni mwa mdomo. Pakipotea hapo, rudia. Ni kejeli kuandika kuhusu wanawake wasioonekana halafu uwafute mwenyewe kwa wino.

Maelezo ya picha nayo yana kazi yake. “Mwanamke akishona” ni maneno ya bure, maana macho yameshaona. Andika kile ambacho kamera haikukifikia: ni mwaka gani, anashona kwa malipo ya kipande au ya saa, sheria ilimwahidi nini, mtoto yuko kwa nani.

Kasoro za akina Hackney zipo. Ukibandika hoja kali sana kando ya sura ya mtu, sura hiyo huacha kuwa yake, ikawa ushahidi katika kesi ya mwingine. Wao angalau walikuwa wakifanya kazi mtaani mwao, na mabango yalipita kwenye kituo cha jamii cha Centreprise huko Dalston, karibu na wahusika wenyewe, kabla ya kufika kwenye jumba la sanaa la Hayward Gallery mwaka 1979. Aliyepiga picha ughaibuni na kupanga kurasa akiwa kwao hana kinga hiyo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasanifu ni hili. Ruhusa mliyozoea kuomba ni ya picha, ilhali maana inatengenezwa na ukurasa. Kabla kijarida hakijaenda kwa mchapaji, mtumieni mwanamke aliye kwenye picha ukurasa mzima, pamoja na tangazo mlilobandika jirani yake, katuni na maneno, kwa lugha anayoisoma. Akisema hapana, pangeni upya.