Juu ya Neno "Tata"

Liko neno fupi ambalo kila mwalimu wa Tukuyu na Rungwe hulisikia kila siku, nalo ni "tata". Mtoto wa Kinyakyusa asemapo "tata", amemwita baba yake. Mswahili wa pwani alisikiapo, hufahamu jambo jingine kabisa: uzi uliojisokota au habari isiyofumbulika, na humo yamo "matata" na "utata". Kinyakyusa na Kiswahili ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kibantu, lakini katika neno hili wameachana.

Tukienda mbali, mambo hugeuka. Waaymara wakaao katika milima ya Bolivia na Peru humwita baba "tata". Watu wa Polandi nao humwita vivyo hivyo. Hakuna mtaalamu aliyethibitisha kwamba lugha hizo zina asili moja na Kinyakyusa. Hivyo wageni wamepatana, na ndugu wametofautiana.

Twayaandika haya kwa kuwa iko hoja isikiwayo mara nyingi, kwamba maneno mawili yakifanana kwa sauti na kwa maana, basi watu wake walitoka mahali pamoja. Hoja hiyo yapendeza masikioni, lakini haina miguu. Kama ingekuwa kweli, ingetupasa kuwafundisha watoto wa Rungwe kwamba wazee wao ni jamaa za watu wa Polandi, na kwamba Waswahili si jamaa zao. Historia ya watu ni amana; haifai kutundikwa juu ya silabi mbili.

Sababu ya mfanano huo i karibu zaidi. Roman Jakobson, katika insha iliyotoka mwaka 1960, alieleza kwamba mtoto mchanga hutangulia kutamka sauti nyepesi, zile za midomo na za ncha ya ulimi, akizirudia-rudia. Nao wazazi huzipokea kuwa majina yao. Lakini kila taifa huyagawa majina hayo kwa desturi yake. Watu wa Jojia, kule Kaukazi, humwita baba "mama", na mama humwita "deda". Kwa Warusi, "baba" ni mwanamke, aghalabu mzee.

Undugu wa kweli hutafutwa katika utaratibu. Waswahili husema mtu na watu, mwana na wana; Wanyakyusa husema umundu na abandu, umwana na abana. Penye "wa-" huku, pana "aba-" kule, neno baada ya neno, hata hesabu hufuata: watu watatu, abandu batatu. Mpango kama huu, ambao Carl Meinhof aliueleza kwa upande wa sauti za Kibantu katika kitabu chake cha mwaka 1899, hauji kwa bahati, wala hautoki kinywani mwa mtoto mchanga.

Basi, ndugu mwalimu, ukusanyapo maneno ya wazee, usiandike neno na tafsiri yake tu. Andika na wingi wake, na namna linavyokaa ndani ya sentensi. Na mwanafunzi akiandika "tata" katika insha ya Kiswahili, asichekwe. Aonyeshwe kwamba anayo maneno mawili, kila moja na nyumba yake.