Mama Aliyemzidi Mwanawe Siku Tano

Sunil Dutt alizaliwa tarehe 6 Juni 1929. Nargis, aliyekuwa mama yake katika filamu ya Mother India, alizaliwa tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Filamu ilipotoka mwaka 1957 mama huyo alikuwa na miaka 28 tu, na mwanawe alikuwa jitu zima lenye bunduki. Sijawahi kumsikia mtu akilalamika. Ukiwakuta wazee walioiona enzi hizo, watabishana kama mama ana haki ya kumpiga risasi mwana wa tumbo lake. Kama mama yule ana umri wa kuwa mama, hilo halimsumbui yeyote.

Mvi za kupaka na mikunjo ya kuchora usoni haviwezi kuleta imani ya namna hiyo. Mtu hupakwa uzee asubuhi moja. Kuubeba ni kazi nyingine. Mother India inapoanza, bibi kizee Radha, ndiye Nargis huyo, kashika bonge la udongo na kulisogeza usoni. Wakubwa wanataka yeye ndiye aufungue mfereji mpya wa maji kijijini. Anasitasita. Wanamvisha koja la maua, harufu inampanda puani, na hapohapo anarudi kwenye siku aliyoletwa kijijini kama bibi harusi. Mwongozaji, Mehboob Khan, angeweza kumweka msimulizi atueleze kwamba mwanamke huyu ameona mengi. Hakumhitaji. Uso wa Nargis ulitosha, na kwa karibu saa tatu zinazofuata tunalipwa kila alichotudokezea pale.

Huo ndio ufundi wake ninaotaka kuusifu. Tumezoea kumpima mwigizaji kwa anachotoa: kalia kiasi gani, kafoka vipi, maneno yake yamekata kiasi gani. Nargis alikuwa bingwa wa kupokea. Mwenzake anaposema, jicho lako linakwenda kwake yeye anayesikiliza. Waitikiaji hodari wa taarabu huufanya ubeti uchome zaidi kwa jinsi tu wanavyoupokea kwa mwimbaji. Naye alimfanya kila aliyesimama mbele yake aonekane kasema jambo zito kuliko lilivyokuwa.

Sanaa aliikuta nyumbani. Mama yake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji mashuhuri, akatunga muziki wa filamu na kutengeneza filamu zake mwenyewe katika miaka ya 1930, wakati wanawake wa kazi hiyo nchini India walihesabika kwa vidole. Jina halisi la binti ni Fatima Rashid. Alionekana kwenye filamu kwa mara ya kwanza mwaka 1935, mtoto mdogo kabisa. Alipokua alitamani udaktari, lakini mwaka 1943 Mehboob Khan akampa nafasi kubwa katika Taqdeer akiwa na miaka 14, na udaktari ukaishia hapo. Miaka sita baadaye, katika Andaz, alisimama kati ya Dilip Kumar na Raj Kapoor, vijana wawili ambao kila mmoja angeweza kuimeza filamu peke yake, wala hakumezwa.

Kwa Raj Kapoor ndiko jina lake lilikovuka bahari. Awaara ilitoka mwaka 1951, na katika miaka iliyofuata iliwakusanya watu hadi Urusi, ambako watazamaji walihesabiwa kwa makumi ya milioni. Kwetu pwani, Unguja hasa, watu waliirudia mpaka wakazijua nyimbo kwa moyo, na mahadhi ya filamu za Kihindi yakaingia kwenye taarabu na kukaa humo bila kuomba ruhusa. Raj alikuwa stelingi, hilo halina ubishi. Vijana waliiga hata jinsi anavyokunja suruali. Lakini irudie Awaara leo, ukae uitazame mahakama.

Nargis ni Rita, wakili chipukizi, na kesi aliyoishika ni ya mpenzi wake aliyeshtakiwa kwa kutaka kumuua hakimu. Hakimu huyo ndiye mlezi wa Rita. Kwa kuwa hii ni picha la Kihindi, ndiye pia baba wa mshtakiwa, naye hajui. Nafasi ya hakimu ilichezwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj, mtu wa jukwaani mwenye kundi lake la maigizo na sauti ya kufika kiti cha mwisho bila kipaza sauti. Mwigizaji mwingine wa miaka 22 angejaribu kushindana na ngurumo ile. Nargis anateremka chini. Anauliza, anangoja, anamtazama mzee akitafuta jibu, na kadiri mzee anavyopaza ndivyo anavyoonekana kabanwa. Wengi wa kizazi kile walikuwa bado wanatamka maneno kama wanahutubia mkutano. Yeye alisema kama watu wanavyosema wakiwa wamefunga mlango.

Halafu kuna suala la nyimbo. Nargis hakuimba. Wimbo wa filamu ya Kihindi hurekodiwa kwanza studio na mwimbaji mwingine, kisha siku ya kupiga picha hupigwa kwa vipaza sauti na mwigizaji huchezesha midomo. Katika Barsaat, Awaara na Shree 420 sauti ni ya Lata Mangeshkar. Inaonekana kazi rahisi mpaka umwone asiyeiweza: midomo inakwenda, shingo imelala, kifua hakijui kwamba kuna pumzi inayotoka. Nargis aliyabeba maneno ya mwenzake kuanzia tumboni. Hakuwa mchezaji dansi wa kutajwa, na palipotakiwa madoido ya miguu wapo waliomwacha mbali. Ila mpe mistari ya Lata na kamera iliyosogea karibu, usahau kama wanawake hawa ni wawili.

Katika Shree 420, ya mwaka 1955, kuna wimbo wa mvua ambao hata asiyejua filamu za Kihindi ameuona mahali. Watu wawili chini ya mwavuli mmoja, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Watoto watatu wanaopita na makoti ya mvua ni wana wa Raj Kapoor mwenyewe. Wengi hukumbuka mapenzi tu. Mimi naona hofu: Vidya, mwalimu maskini, anamtazama kijana asiye na mbele wala nyuma na anajua anachokubali. Furaha na woga vimekaa kwenye uso mmoja, hakuna kinachompisha mwenzake. Sehemu kubwa ya waliojaa Majestic ya Unguja au Regal ya Mombasa hawakujua Kihindi zaidi ya maneno ya dukani, na hapakuwa na tafsiri ya kueleweka kwa kila mtu. Walimsoma. Kwa mtazamaji wa namna hiyo mwigizaji hawezi kujificha nyuma ya mazungumzo matamu; uso ukidanganya, kila mtu ukumbini anajua.

Aliigiza na Raj filamu zipatazo 16, na nembo ya kampuni ya Raj ilitokana na picha yao wawili katika Barsaat. Filamu ya mwisho ya pamoja, Jagte Raho ya mwaka 1956, inampa dakika chache tu. Mshamba aliyeingia mjini amehangaika usiku kucha akitafuta maji, akafukuzwa kama mwizi ndani ya jengo la watu wenye heshima zao, ambao karibu kila mmoja ni mwizi kweli. Alfajiri anamkuta mwanamke anayeteka maji. Anamnywesha. Basi. Tuseme kweli, ni nafasi ambayo nyota wengi wangeiona ya kuwashushia hadhi. Yeye anamimina na kumtazama mnywaji bila huruma ya kujionyesha, na filamu nzima inatua hapo.

Magazeti yalipenda zaidi moto. Mapema mwaka 1957, wakipiga picha ya Mother India kijijini Gujarat, marobota ya nyasi kavu yaliwashwa na upepo ukageuka. Nargis alizingirwa na moto. Sunil Dutt akajitosa kumtoa, na wote wawili waliungua. Machi 1958 wakaoana. Ni kisa kizuri na wala sikipuuzi, lakini kimefunika mambo. Mtu anakueleza habari za moto na hospitali, ukimuuliza kuhusu tukio la plau hana la kusema. Radha kaachwa na mume aliyepoteza mikono chini ya jabali, mafuriko yamepita, ng'ombe hakuna. Anajifunga kamba na kulivuta mwenyewe plau kwenye tope. Hapo hakuna mazungumzo ya kumwokoa mwigizaji. Kuna uzito, na unaamini ni uzito kweli kwa sababu anavuta kama mtu anayejua kesho pia atavuta.

Tuzo zilikuja: ya mwigizaji bora wa kike huko Karlovy Vary mwaka 1958, na filamu yenyewe ikafika kwenye orodha ya mwisho ya Oscar. Baada ya ndoa aliacha kazi karibu kabisa. Raat Aur Din, iliyochukua miaka kumalizika, ilitoka mwaka 1967: mke mtulivu mchana, na usiku mwanamke mwingine kabisa anayejiita Peggy na kuzurura kwenye kumbi za starehe. Serikali ya India ilipoanzisha tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike, wa kwanza kuipata alikuwa yeye, kwa filamu hiyo.

Mwaka 1980 aliteuliwa kuingia baraza la juu la bunge, na huko akamshutumu mwongozaji Satyajit Ray kwamba filamu zake zinawauzia watu wa Magharibi umaskini wa India. Nimpendavyo Nargis, hapo simfuati. Mwaka kabla ya kifo chake alikuwa anamlaumu mwenzake kwa jambo alilolifanya yeye mwenyewe vizuri kuliko wengi. Njaa ya Radha ni njaa kweli, deni la Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji kile, ni deni kweli, na tope lile halikusafishwa ili lipendeze ng'ambo. Wala walioliona Dar es Salaam au Mombasa hawakutoka wakiidharau India. Walitoka wakimtaja shangazi fulani, bibi fulani, mama wa jirani aliyelima peke yake baada ya mume kupotelea mjini. Ray alipiga picha za watu wa namna hiyohiyo, kwa mkono mwingine na kwa subira nyingine, na sioni ni kwa hoja gani aliyekuwa Radha angeweza kumkataza.