Mama wa Kivu si kidonda

Iko sinema ambayo bila shaka baadhi ya wasomaji wetu wameiona. Jina lake kwa Kifaransa ni « L'homme qui répare les femmes », maana yake, « Mtu anayetengeneza wanawake ». Ilitoka mwaka 2015. Waliitunga Wabelgiji wawili: Thierry Michel, mtengeneza sinema, na Colette Braeckman, mwandishi wa gazeti, ambaye mwaka 2012 alikuwa ametoa kitabu chenye jina lilo hilo. Yaonyesha kazi ya daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, akapewa zawadi ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Kwanza tuseme mema yake. Sinema hii haikuficha ukweli. Wanawake wenyewe wasimulia waliyotendewa na watu wenye silaha, na daktari twamwona akiwahudumia huku akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Mwezi wa tisa mwaka 2015 serikali ya Kinshasa iliikataza, ikisema yachafua jina la jeshi. Mwezi uliofuata ikairuhusu. Tazama basi: jina la jeshi lilipata mtetezi upesi. Na jina la wanawake, nani alilitetea?

Maana jina la sinema lenyewe latuchoma. Tunatengeneza saa, tunatengeneza baiskeli, tunatengeneza injini ya motokari. Kitu kilichovunjika hakisemi wala hakichagui, kinamngoja fundi. Twajua watunzi walitaka kumsifu daktari. Walakini mtu wa mbali anayelisikia jina hilo tu, atabaki na picha moja kichwani: mwanamume mmoja amesimama, na wanawake weusi wengi wamelala, wamevunjika.

Macho ya namna hiyo ni ya zamani. Mwaka 1810 Sarah Baartman, mwanamke wa Afrika Kusini, alipelekwa London, na watu wakalipa fedha ili wautazame mwili wake. Alikufa Paris mwaka 1815. Mabaki yake yalirudishwa kwao mwaka 2002 tu. Wale walitazama kwa kucheka, hawa wa leo watazama kwa kulia. Lakini macho yangali juu ya mwili, na akili ya mwanamke, kazi yake na jina lake havijaulizwa. Mwaka 2010 Margot Wallström, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, aliiita Kongo makao makuu ya ubakaji ulimwenguni. Alitaka kuwaamsha wakubwa wa dunia. Neno lake likabaki, likawa chapa juu ya kila binti wa Kivu.

Chapa hiyo yafanya nini? Ugenini, binti wa Bukavu aweza kuulizwa habari za kubakwa kabla ya kuulizwa masomo yake. Nyumbani ni vibaya zaidi, kwa sababu neno la wageni limekutana na dharau yetu wenyewe. Kijana ataka kuoa; ndugu zake wananong'ona: « Huyu ametoka kijiji gani? Vita ilipopita, yeye alikuwa wapi? » Tena wako waume waliowafukuza wake zao kwa kosa la mwenye bunduki. Mkosaji anatembea huru, na aliyekosewa ndiye anayebeba aibu. Hata mume mpole aweza kupotea. Akimtunza mkewe kama chungu chenye ufa, asimwombe shauri, asimshirikishe mambo ya fedha, basi huruma yake ni dharau iliyovaa nguo nzuri.

Mtu atasema: « Je, mwataka wanyamaze? » Hata kidogo. Kimya humsaidia mwovu. Twataka aliyeumizwa asikilizwe kama shahidi, asitazamwe kama kidonda. Kidonda hungoja dawa, bali shahidi hudai haki.

Mfano tunao hapa kwetu. Mwezi wa kumi mwaka 2012, watu wenye silaha walimshambulia daktari nyumbani kwake Bukavu. Mlinzi wake aliuawa, naye daktari akaenda Ulaya pamoja na jamaa yake. Nani alimrudisha? Wanawake wa Idjwi na wenzao waliuza mananasi na vitunguu, wakachanga fedha za tikiti yake ya ndege. Mwezi wa kwanza mwaka 2013 alirudi. Siku ile, nani alimtengeneza nani?

Basi, wasomaji wapenzi, mkiitazama sinema hii pamoja na vijana wenu, wasimulieni na habari ya mananasi. Mtajeni mama kwa jina lake na kwa kazi yake. Na kijana anayetafuta mchumba amwulize binti anapenda nini, anajua nini, anataka kujenga nyumba ya namna gani. Vita aisimulie mwenyewe, kama apenda na siku apendayo. Wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani. Sharti sisi tuache kulifunika kwa mikono yetu.