Koo Lililobeba Shairi

Mombasa humpa mshairi heshima, mwimbaji ikamtuza noti. Kuanzia Mji wa Kale hadi harusi za Magogoni huku Kisauni, Ahmad Nassir hutajwa kama malenga, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita ya mwaka 1971. Jamaa yake, mwimbaji wa taarab Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi mwaka 1942 na kufariki 2014, husifiwa kwa sauti tu, kana kwamba sauti ni tunu ya Mungu isiyo na jasho ndani yake. Mgao huo hauna haki. Ni kweli kwamba mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na Ahmad Nassir, lakini kuyafikisha masikioni yakiwa mazima ni ufundi unaojitegemea.

Chukua mizani. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane kila kipande, na vina viwili vya kulindwa. Bhalo aliyaimba mashairi hayo kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, ambayo hayakuundwa kwa hesabu hiyo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mahadhi ya Bombay huweza kukaza ya mwisho, au kutaka neno likatwe katikati. Mwimbaji dhaifu hufuata mahadhi akavunja neno. Bhalo aliivuta irabu palipobaki nafasi, akaiba pumzi kabla ya kina, kina kikatua mahali pake. Tena Kimvita, lahaja ya Mombasa, kina t mbili, ya meno na ya ufizi. Anayezichanganya hadharani ajiandae kwa ulimi wa wazee wa mtaa wa Kibokoni.

Wapo wasemao kwamba mahadhi ya kuazima hayamjengi msanii, na kwamba Zein l'Abdin wa Lamu, na udi wake, ndiye aliyeshika asili. Zein alikuwa fundi bila shaka, ila udi nao ulikuja na jahazi. Kumlaumu mwimbaji si desturi yetu peke yetu. Johann Michael Vogl, baritoni wa opera wa Austria, aliimba Erlkönig, wimbo wa mtunzi Schubert, hadharani mjini Vienna mwaka 1821, akiwa amepita miaka 50, na baadaye akalaumiwa kwa kutia nakshi zake juu ya kazi ya mtunzi. Huenda alizidisha. Hata hivyo, Schubert alikuwa kijana asiyejulikana sana, na koo la mzee yule ndilo lililomtoa sebuleni.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya Bhalo ni la ualimu. Baritoni wa Ulaya humsimamisha mwanafunzi mbele yake, humkatiza na kumrudisha nyuma. Bhalo alifundisha zaidi kwa santuri na kanda, na kanda haimsahihishi mtu. Hapo sina utetezi. Waigaji wake wengi wamenasa mtetemo wa sauti, wakaacha matamshi.