Mpira wa maji juu ya mwembe

Mwezi wa sita, maji ya bomba hapa Mjimwema huuma vidole asubuhi. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kupasha lita 100 kutoka nyuzijoto 18 hadi 48 kunakula takriban yuniti tatu na nusu za umeme wa LUKU, kila siku. Kwa hiyo nilipopata paneli mbili kuukuu za kuchemshia maji kwa jua, zilizoteremshwa kwenye nyumba iliyokuwa ikibadilishwa bati, nilizibeba siku hiyohiyo.

Kabla ya rangi, kabla ya kioo, lilikuwepo swali moja: zinavuja au hazivuji? Mafundi wengi hulijibu kwa geji. Unaziba midomo mitatu ya paneli, unasukuma maji kwa pampu ya mkono kwenye mdomo wa nne, unafunga koki, unatazama sindano. Nami nilianza hivyo. Saa nne asubuhi jua lilipoifikia paneli, sindano ilipanda kwa kasi hadi nikafungua koki kwa hofu. Jioni nikajaza upya, baa 1.5. Alfajiri sindano ilikuwa karibu na sifuri. Nikasema zote mbili mbovu. Moja niliionea.

Maji hayabanwi kirahisi. Yakijaa kwenye shaba bila hewa yoyote, kupanda kwa nyuzijoto moja tu kunaweza kuongeza shinikizo kwa baa kadhaa, na kushuka kwa nyuzijoto moja kunaweza kulifuta. Kati ya magharibi na alfajiri, Songea hupoa kwa nyuzi nyingi kuliko hiyo moja. Geji yangu ilikuwa ikipima baridi ya usiku, wala si uvujaji. Kuna wanaokimbilia kompresa ya hewa. Hapo nawasihi waache: hewa iliyobanwa ni kama upinde uliovutwa, na kiungo dhaifu kikiachia, kinaruka na vipande. Maji yakipata upenyo hutiririka tu.

Kilichonisaidia ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye tundu la milimita 10, mita saba hivi. Ncha moja nikaifunga kwenye mdomo wa juu wa paneli. Nyingine nikaipandisha kwenye mwembe hadi mita sita juu ya paneli. Mita 10 za maji ni takriban baa moja, hivyo mita sita zinatoa baa 0.6. Simtanki langu liko juu ya mnara wa mita tatu, kwa maana hiyo paneli ilikuwa inabeba maradufu ya mzigo itakaoubeba kazini. (Anayetaka kuiunga moja kwa moja na bomba la mtaani asitosheke na mwembe. Huyo anahitaji pampu, na mara moja na nusu ya shinikizo la bomba lake.) Nikaitoa hewa yote kwa kuinua kona ya juu, nikajaza mpira, nikaweka pamba mdomoni maji yasikauke, nikatia alama kwa kalamu.

Uzuri wa mpira ulio wazi juu ni kwamba joto haliwezi kuudanganya sana. Paneli yangu inabeba lita moja na nusu. Ikipoa kwa nyuzi 10, maji hushuka mpirani kwa sentimita tatu hivi, basi. Lakini tone moja kwa dakika, tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, ni matone 720: karibu nusu mita ya mpira. Tofauti hiyo unaiona kwa macho bila kuuliza fundi.

Paneli ya kwanza ilishuka sentimita tatu, na mchana ilipopata joto maji yakarudi kwenye alama. Nzima. Ya pili ilishuka zaidi ya mita moja. Nikavua kioo, nikazungushia kila kiungo karatasi laini ya chooni, na baada ya robo saa karatasi moja ikalowa: mahali kibomba cha wima kinapoingia kwenye bomba kuu la chini. Palishawahi kuzibwa kwa risasi.

Hapo ndipo ukarabati mwingi unapoharibikia. Paneli iliyokauka juani inaweza kupita nyuzijoto 150. Risasi ya bati huanza kuyeyuka kwenye 183 hivi, na hulegea kabla ya hapo. Kazi hii ni ya fundi friji, kwa sababu yeye ana gesi na vijiti vya shaba na fosforasi vinavyohitaji zaidi ya nyuzi 700. Toa kwanza pamba ya vioo na raba za kioo, moto usizifikie.

Mambo mengine ni mepesi. Pitisha maji ya moto na uguse kila kibomba: kinachobaki baridi kimeziba, kiloweke kwa siki usiku kucha. Bamba lenye ngozi ya bluu lisisuguliwe wala kupakwa rangi. Na paneli iliyotoka Makete au Njombe, ambako sakitu huanguka, itazamwe vibomba vilivyovimba, kwani maji yakiganda hupasua shaba.

Baada ya kuchomelewa, ya pili ilishuka sentimita mbili na nusu. Sasa zote ziko juu ya bati, zikitazama kaskazini liliko jua la mwezi wa sita, zimelala nyuzi 30, na tangi liko juu yake ili maji ya moto yapande yenyewe. Ukiuziwa paneli kuukuu, mwombe muuzaji akuachie usiku mmoja na mpira wa maji kabla hujalipa.